Avior: nyota kongwe iliyopewa jina kwa ajili ya marubani

Mkazi wa Chamazi au Toangoma, wilayani Temeke, ana bahati asiyo nayo mwenzake wa Bunju, Kinondoni. Akitazama kusini usiku, taa za jiji zinabaki mgongoni kwake. Mwezi Machi, kwenye saa tatu usiku, mawingu yakiruhusu, ataona nyota nne zilizokaa kama msalaba. Ile ya kulia, upande wa chini, ina rangi ya chungwa. Hiyo ndiyo Avior.

Ni nyota iliyozeeka. Hidrojeni ya kiini chake imekwisha, mwili umevimba, na uso umepoa kuliko wa Jua. Iko umbali wa miaka-nuru 600 hivi: mwanga unaofika Mbagala leo uliondoka huko wakati Kilwa ikiwa bado na masultani wake, kabla Wareno hawajafika.

Zamani wachoraji wa anga waliihesabu katika kundi moja kubwa lenye umbo la chombo, Argo. Mfaransa Lacaille, aliyepima nyota za kusini akiwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1751 na 1752, alikigawa chombo hicho kuwa mkuku, tezi na tanga. Avior ikaangukia kwenye mkuku, pamoja na nyota ya Suheli.

Suheli ilikuwa na jina tangu kale, maana manahodha wa Bahari ya Hindi waliitegemea. Jirani yake ilitajwa kwa herufi ya Kigiriki tu. Mwishoni mwa miaka ya 1930, ofisi ya Uingereza inayotunga majedwali ya mabaharia iliandaa kitabu cha nyota kwa marubani wa kijeshi. Kati ya nyota 57 zilizoteuliwa, mbili hazikuwa na majina, na jeshi la anga likashikilia kwamba lazima zipewe. Ofisi ikabuni Avior. Ya pili ikaiita Peacock. Mwaka 2016 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ukayaidhinisha majina hayo.

Msalaba wa Avior si Msalaba wa Kusini, na umewapoteza wengi waliotafuta kusini. Ule wa kweli uko kushoto, chini zaidi, nao ni mdogo.

Nyota hupewa jina na anayeihitaji. Pwani yetu ilizihitaji kwa karne nyingi. Walimu na vijana, waulizeni manahodha wazee majina wanayoyajua, myaandike wangali hai.