Siku 42 ni nyingi mno: Huddersfield na vita vya kuokoa vichanga

Tukiongelea historia ya afya Uingereza, wengi tunarukia NHS ya mwaka 1948. Lakini kuna kazi kubwa iliyofanywa mapema zaidi na halmashauri za miji. Twende Huddersfield, mji wa viwanda vya sufu kule Yorkshire.

Mwanzoni mwa karne ya 20, kati ya kila watoto 100 waliozaliwa England na Wales, kama 15 hivi walifariki kabla ya kutimiza mwaka. Kiangazi ndiyo kilitisha: maziwa yalichacha, nzi walitoka kwenye vyoo na samadi ya farasi, na kuhara kukaua vichanga wengi.

St Helens ilianza kuuzia wazazi maziwa salama ya chupa mwaka 1899. Daktari wa afya wa Huddersfield, S. G. Moore, aliona njia nyingine: maziwa bora ni ya mama, basi msaidie mama huko huko nyumbani. Sawa, lakini utamfikiaje? Sheria iliwapa wazazi siku 42 kuandikisha mtoto. Ofisi ilipopata habari, vichanga wengine walikuwa wameshazikwa.

Meya Benjamin Broadbent, aliyeingia madarakani 1904, aliahidi pauni 1 kwa kila mtoto atakayezaliwa Longwood katika kipindi chake na kufikisha mwaka. Watu wanakumbuka hiyo pauni. Mimi naona jambo kubwa ni sheria ya 1906: Huddersfield ikapewa nguvu ya kudai kila uzazi uripotiwe ndani ya saa 48. Madaktari wanawake wa halmashauri wakaanza kupiga hodi. Mwaka 1907 Bunge likairuhusu miji mingine ifuate mfano huo, na 1915 ikawa lazima nchi nzima.

Hodi hiyo ilikuwa na pande mbili. Mama alipata ushauri, ila pia alikaguliwa chumba chake. Na ushauri peke yake hauleti choo safi wala mshahara wa kutosha. Kumfundisha mama ni rahisi kuliko kubomoa nyumba mbovu.

Hadi leo, ukijifungua Uingereza, mhudumu wa afya anakuja kwako. Mama zetu wengi walimfungulia mlango kwa wasiwasi: amekuja kusaidia au kuchunguza? Swali hilo akina mama wa Huddersfield nao walikuwa na sababu ya kuliuliza.