Habari na Wapokezi Wake Katika Tana ya Chini

Mto Tana, ambao asili yake ni chemchemi za Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, huteremka mashariki kwa kishindo, kisha hugeukia kusini na kupita katika nchi kame isiyo na jiwe wala kilima, hata ukifika Garsen huwa umekwisha kupoteza haraka yake yote, ukajigawanya katika vijito, maziwa na vinamasi, na mwisho ukaingia Bahari ya Hindi pale Kipini, karibu na ardhi inayosimuliwa kuwa ndiyo iliyomzika Fumo Liyongo. Katika nchi ya namna hii, ambayo mvua ikinyesha njia hukatika na jua likiwaka visima hukauka, habari ilikuwa ni amana yenye thamani isiyo duni kuliko nguo na chumvi, kwa sababu Mpokomo mwenye shamba ukingoni na Muorma mwenye ng'ombe malishoni, ijapokuwa waliishi maisha mbalimbali, kila mmoja hakuweza kufanya shauri la kesho bila ya kujua lililotokea jana mahali asipopaona. Nakusudia kuieleza tarehe ya vyombo vilivyoichukua habari hiyo, kwani naamini kwamba msiba ulioipata nchi ya Garsen katika zama zetu haufahamiki sawasawa mpaka ijulikane kwanza jinsi watu wa mto walivyozoea kulipokea neno na kulisadiki.

Chombo cha kwanza kilikuwa mtumbwi. Mpiga pondo aliyetoka juu kwa ndizi na mpunga, au aliyetoka Kipini kwa nguo na samaki wa chumvi, alileta pamoja na shehena yake mambo ya vijiji vyote alivyovipita. Na habari yake ilipokewa kwa kadiri ya heshima yake mwenyewe, kwa maana alijulikana ni mwana wa nani, wa kijiji gani, na kama aliwahi kusema uongo zamani alikuwa akikumbukwa kwa uongo huo. Wazee wa gasa, lile baraza la Wapokomo lililoamua mambo ya ardhi na ya amani, hawakuwa wakihukumu kwa neno lisilo na mwenyewe. Watu wa pwani waliosoma elimu ya hadithi wataitambua mara moja kanuni hii, kwa kuwa ndiyo isnadi, yaani mlolongo wa wapokezi ambao kila mmoja wao ni mtu mwenye jina na sifa, na ambao ukikatika mahali pamoja tu riwaya nzima huwa dhaifu. Mkulima wa Tana hakuisoma kitabuni, bali aliitenda kila siku.

Palikuwa tena na sauti iliyokuwa juu ya sauti zote. Kama watawala wa Pate na Lamu walivyokuwa na siwa, ambayo haikupulizwa ila kwa jambo kubwa na kwa idhini ya wenye mamlaka, Wapokomo walikuwa na ngadji, ngoma kuu iliyochongwa kwa gogo na kufichwa msituni, ambayo wengi waliisikia maisha yao yote bila ya kuiona kwa macho. Ngadji haikuwa na maneno, lakini iliposikika kila mtu alijua kwamba aliyeiamrisha ilie ana haki ya kuamrisha. Mwanzoni mwa karne ya 20 maofisa wa Kiingereza waliichukua ngoma hii, na tangu mwaka 1908 imekaa katika ghala la British Museum, London, ambapo jamaa wa ukoo wa watawala wa Wapokomo wamekwenda kuitazama katika miaka ya karibuni, wakarudi bila ya kuwa nayo. Mimi huuhesabu wizi huu kuwa ni mkubwa kuliko wizi wa kitu cha sanaa, maana walioichukua ngoma waliwanyang'anya watu chombo chao cha kutangazia, na waliokitwaa walikuwa wamekwisha kuleta vyombo vyao wenyewe.

Vyombo hivyo vilikuja kwa haraka katika miaka michache. Wamethodisti walijenga misheni Golbanti, na mwezi wa Mei 1886 mchungaji John Houghton na mkewe Annie wakauawa pale katika shambulio la Wamaasai. Mwaka uliofuata Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakaweka makao yao Ngao, na mmoja wao, Ferdinand Würtz, akaiandika lugha ya Kipokomo na kuitafsiria Injili. Mwaka 1889 Mjerumani Carl Peters alipanda mto kwa bunduki na dhuluma, akiacha nyuma yake hofu iliyotangulia jina lake kijiji kwa kijiji; na baada yake meli ndogo ya moshi iliyoitwa Kenia, mali ya kampuni ya Waingereza, ikaongozwa na Kapteni Dundas kwenda juu mbali kuliko ilivyodhaniwa kuwa yamkini. Katika haya yote lililodumu kuliko mengine ni maandishi, kwa kuwa kwa mara ya kwanza watoto wa mto huu walijifunza kulipokea neno ambalo msemaji wake hayupo, hawezi kuulizwa, wala hawezi kutazamwa usoni.

Redio ilifuata. Utangazaji ulianza Nairobi mwaka 1928 kwa ajili ya walowezi, na Waafrika walikumbukwa hasa wakati wa vita vya pili vya dunia, serikali ilipohitaji askari na utiifu. Mwaka 1947 Mombasa ikapata Sauti ya Mvita, na tarehe 27 Juni 1957 London ikaanza kutangaza kwa Kiswahili. Lakini redio ya majumbani ilihitaji umeme au betri nzito, na Tana ya chini haikuwa na umeme, hivyo kituo hasa cha habari katika Garsen kiliendelea kuwa kivuko. Magari yaliyotoka Malindi kwenda Lamu yalisimama pale kungoja pantoni iliyovutwa kwa mikono ya watu kutoka ukingo mmoja hata wa pili, na wakati wa mafuriko yaliweza kulala siku nyingi. Na abiria aliyengoja hakuwa na kazi ila kunywa chai na kusema. Gazeti la jana, au la juzi, lilisomwa kwa sauti na mmoja kwa ajili ya kumi. Redio ndogo za transista zilipoenea katika miaka ya 1960, mwenye hoteli aliyekuwa nayo aliipandisha sauti ili hata wa nje wasikie, na mawe ya redio yaliyokwisha nguvu yalianikwa juani yapate uhai wa usiku mmoja zaidi. Vijana waliomsikiliza Leonard Mambo Mbotela katika kipindi chake cha Je, Huu ni Ungwana?, kilichoanza mwaka 1966, walikuwa wakikisikiliza pamoja, kisha wakijadiliana pale pale, hata neno lililotoka Nairobi likawa limepimwa na wasikizaji kumi kabla ya kufika nyumbani kwa mmoja wao.

Pana mambo mawili ya zama hizo ambayo sina budi kuyaweka karibu, kwa sababu yalitokea katika mto mmoja na katika muda wa miaka minne tu. La kwanza ni la Hola, juu ya Garsen, ambapo tarehe 3 Machi 1959 wafungwa wa kizuizini, waliokataa kufanyishwa kazi katika mradi wa umwagiliaji, walipigwa virungu na askari hata 11 kati yao wakafa. Serikali ya Nairobi ilitoa taarifa kwa magazeti kwamba watu hao walikufa baada ya kunywa maji kutoka gari la maji. Taarifa hiyo ilikuwa na muhuri wa serikali, ikachapwa na kutangazwa kwa vyombo vyote vya wakati ule, na ilikuwa ni uongo mtupu, kama uchunguzi wa maiti na baadaye mjadala wa Bunge la Uingereza ulivyodhihirisha. Hata jina la mji likafichwa, pakaitwa Galole, kana kwamba mahali paweza kuoshwa kwa kubatizwa upya. Jambo la pili ni la mwaka 1963, wakati tume ya watu watano, miongoni mwao Graham Hyslop na Thomas Kalume, ilipotafuta wimbo wa taifa jipya, ikachagua lahani ya bembelezo ambalo mama wa Kipokomo humwimbia mtoto alale, iliyopokewa kwa Mzee Meza Morowa Galana. Tangu hapo, kila siku redio ilipofungua matangazo yake, nchi nzima iliamshwa kwa sauti iliyotoka katika vibanda vya ukingoni mwa Tana, na wengi wa walioamshwa nayo hawakujua ilikotoka. Muhuri wa serikali haukuufanya uongo wa Hola kuwa kweli, wala kukosa jina la mwenyewe hakukuipunguzia lahani ile utamu. Lakini wimbo usiojulikana asili yake hauui mtu, na habari isiyojulikana asili yake yaweza kuua.

Nguvu za umeme zilizoendesha mitambo ya utangazaji nazo zilianza kutoka katika mto huu huu. Kindaruma ilifunguliwa mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981 na Kiambere mwaka 1988. Na waya zikaenda Nairobi na Mombasa, wakati watu wa chini, ambao maji ni yao, waliendelea na koroboi. Fauka ya hayo, bwawa la Masinga lilipoanza kuyazuia maji ya masika na kuyafungulia kwa haja ya mitambo, mto uliacha kusema kweli. Mzee aliyejua kwa rangi ya maji na kwa wakati wa mwaka lini ukingo utafurika, apande mpunga katika tope litakaloachwa, aliiona elimu aliyorithi kwa baba zake inakosea, kwani mafuriko hayakufuata tena mawingu peke yake bali pia shauri la watu waliokaa mamia ya maili mbali naye. Tangu hapo mkulima wa Tana amekuwa mhitaji wa habari kutoka juu kwa jinsi ambayo babu yake hakuwa.

Simu za mkononi ziliingia katika haja hiyo, na itakuwa dhuluma kuzisema vibaya bila ya kutaja fadhila zake. Simu ndogo yenye tochi, ambayo Wakenya waliipa jina la mulika mwizi, ilimpa mchungaji wa Kiorma uwezo wa kuuliza majani yako wapi kabla hajaiswaga mifugo yake siku tatu bure. Na baada ya M-Pesa kuanza mwezi wa Machi 2007, mtoto aliye Mombasa aliweza kumletea mama yake fedha za unga bila ya kumtafuta dereva mwaminifu. Watu walitembea kutafuta mahali penye mtandao, wakalipa dukani kuchajiwa simu, na hawakulalamika, maana faida ilikuwa kubwa kuliko taabu.

Kisha ukaja mwaka 1433 wa Hijra, yaani 2012. Ugomvi wa wakulima na wafugaji juu ya malka, zile njia za kuteremshia mifugo majini, ni wa zamani, na ulikuwa umekwisha kumwaga damu mwaka 2001. Ukame, mashamba yaliyoziba njia, na uchaguzi uliokuwa ukikaribia viliukoleza. Tarehe 22 Agosti kijiji cha Riketa kilishambuliwa, wakauawa Waorma wapatao 50, wengi wao wanawake na watoto. Mwezi wa Septemba vikafuata vijiji vya Chamwanamuma na Kilelengwani, ambako waliouawa ni Wapokomo pamoja na askari polisi. Na mwezi wa Disemba Kipao. Zaidi ya watu 100 walipoteza maisha. Sisemi kwamba simu ndiyo iliyoua, kwa kuwa mapanga na bunduki vilishikwa na mikono ya watu, lakini simu iliipa hofu mwendo ambao wazee hawakuweza kuufikia. Kabla yake uvumi wa kwamba fulani wamejikusanya mahali fulani ulihitaji mtu wa kuutembeza, na mtu huyo angeulizwa. Sasa uliingia katika kiganja cha mkono usiku wa manane, ukitoka kwa ndugu au rafiki wa kweli. Hapa ndipo penye dosari yenyewe: mpokeaji humwamini aliyemtumia, naye aliyemtumia kwa hakika si mwongo, ila hata yeye amepokea kwa mwingine asiyemjua vema, na uaminifu wa yule wa mwisho humvika joho yule wa kwanza ambaye hana jina. Isnadi huonekana kamili kumbe imekatika kichwani.

Waliolitambua hili ni watu wa shirika la Canada liitwalo Sentinel Project, ambao pamoja na watafiti wa iHub wa Nairobi walianzisha katika Delta ya Tana, baada ya mauaji hayo, huduma iliyoitwa Una Hakika. Mwenye kusikia tetesi aliipeleka kwa ujumbe wa simu, au kwa kupiga, au kwa kumweleza mjumbe aliyechaguliwa katika kijiji chake. Wafanyakazi wakawauliza wazee, machifu, polisi na watu walio karibu na mahali panapotajwa. Kisha jibu likarudishwa kwa waliojiandikisha, kwamba jambo ni kweli, au si kweli, au bado halijathibiti. Kwa rai yangu thamani ya kazi hii haikuwa katika mitambo yake, bali katika wale wajumbe wa vijijini, waliokuwa na nyuso na majina, ambao mtu angeweza kuwaendea asubuhi na kuwaambia, ulilotuletea jana halikuwa sawa. Udhaifu wake nao hausitiriki: kuhakiki hutaka muda, na uzushi hautaki, tena mazungumzo yaliyohamia katika makundi ya WhatsApp, kwa sauti zilizonaswa na picha zilizotolewa nchi nyingine, hupita mahali ambapo mhakiki haalikwi.

Mahali ambapo mafungamano ya vyombo hivi yamefanya kheri iliyo dhahiri ni katika mafuriko. Mwaka 2018, na tena kati ya mwisho wa 2023 na katikati ya 2024, mvua zilizijaza Masinga na ndugu zake hata maji yakamwagika juu ya kuta, na KenGen, kampuni ya umeme inayoyaendesha mabwawa hayo, ikatoa onyo kwa wakaao Garissa, Tana River na pwani. Onyo hilo husomwa redioni, hutumwa kwa simu, na hukaririwa na machifu na wa Msalaba Mwekundu. Lakini mwenye shamba karibu na Garsen, kabla ya kuliacha, humpigia shemeji yake aliye Garissa au Hola na kumtaka aende mwenyewe mtoni akatazame. Akiambiwa maji yamepanda anayo siku kadhaa mbele yake kabla hayajamfikia, nazo zinatosha kuvuna mahindi yaliyokomaa, kuwatanguliza wazee na watoto mahali pa juu, na kumwita jirani yake mfugaji aondoe ng'ombe bondeni.