Seraphino Antao wa Mombasa na Msimu wa Riadha wa 1962

Wanaoandika habari za riadha ya Kenya wana desturi ya kuanza milimani. Hutueleza kwanza nyanda za juu za Bonde la Ufa, hewa yake nyepesi, na vijana waliozoea kupanda na kushuka vilima tangu utoto wao. Kisha huingia katika hesabu ndefu ya ushindi wa mbio za masafa marefu. Maelezo hayo yana ukweli wake, wala si nia ya makala haya kuyakanusha. Hata hivyo, yako mambo mawili ambayo maelezo hayo huyaacha nyuma. La kwanza ni kwamba nishani za kwanza za dhahabu ambazo Kenya ilizipata katika Michezo ya Himaya na Jumuiya ya Madola hazikutoka milimani, bali zilitoka Mombasa. La pili ni kwamba msamiati tunaoutumia hata leo kuisimulia riadha, milimani na kwingineko, una alama nyingi za Pwani. Mambo haya mawili hayakuzoeleka kutazamwa pamoja. Sisi tutayatazama pamoja, kwa kuwa moja lasaidia kulieleza la pili.

Na tuanze na neno riadha lenyewe. Limetoka katika Kiarabu, na shina lake lina maana ya kufunza, kuzoesha, hata kumtiisha farasi mpaka akubali kupandwa. Katika maandishi ya wanazuoni wa Kiislamu neno hilo lilitumika pia kwa maana ya kuirudi nafsi na kuizoesha ibada. Katika Kiarabu cha siku hizi lahusu michezo na mazoezi ya viungo kwa jumla. Kiswahili kimelipunguzia eneo, kikaliweka zaidi kwa mashindano ya kukimbia, kuruka na kutupa. Lakini maana ya asili haikupotea kabisa. Neno halituambii juu ya kipaji wala juu ya damu. Latuambia juu ya mazoezi, yaani jambo ambalo mtu hulipata kwa kujifunza na kurudia. Msomaji na alikumbuke hilo, maana tutalirudia.

Tukiingia uwanjani twakuta maneno mengine. Anayeruka kwa mti mrefu aruka kwa upondo. Na upondo, kwa mtu wa mwambao, ni ule mti wa kusukumia chombo penye maji machache. Vizuizi vinavyorukwa na wakimbiaji huitwa viunzi, neno la kitenzi unda, ambacho mafundi wa vyombo wakitumia tangu zamani kwa kazi ya kutengeneza jahazi na mashua. Kisahani kinachotupwa ni mtoto wa sahani ya jikoni. Mkuki haukuhitaji jina jipya, kwa kuwa ulikuwapo pwani na bara vilevile. Wanaokimbia kwa vijiti hupokezana, na umbo la kitenzi hicho lenyewe lakataa kutendwa na mtu mmoja.

Lililo la ajabu zaidi ni neno nyika. Mbio zinazokimbiwa nje ya uwanja, katika mashamba na vilima, huitwa mbio za nyika. Sasa nyika ni nini? Kwa wenyeji wa miji ya pwani, nyika ilikuwa ile nchi kavu ya vichaka inayoanzia nyuma ya Mombasa na kuendelea kuelekea bara. Na jirani zao Wamijikenda waliitwa kwa muda mrefu Wanyika, jina ambalo wenyewe hawakulipenda. Basi hata mbio ambazo watu wa milimani wamezishinda kuliko watu wengine wote wa dunia zimepewa jina na mtu aliyesimama pwani akitazama bara. Lugha haikuyapanga haya kwa makusudi. Lakini hifadhi ya lugha mara nyingi huweka vitu ambavyo hifadhi ya historia imevisahau.

Baada ya maneno, matendo. Chama cha kusimamia riadha ya ridhaa katika Kenya kiliundwa mwaka 1951, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza. Mwaka 1954 wanariadha wake walikwenda London. Katika uwanja wa White City, Lazaro Chepkwony alikimbia maili sita, asiweze kumaliza. Nyandika Maiyoro akakimbia maili tatu peku, akaongoza mwanzoni kwa nafasi kubwa, akamaliza wa tatu nyuma ya Waingereza Freddie Green na Chris Chataway. Mwaka huohuo, katika Michezo ya Vancouver, Maiyoro alikuwa wa nne katika maili tatu. Naye Patrick Etolu wa Uganda akapata nishani ya fedha katika kuruka juu, nyuma ya Emmanuel Ifeajuna wa Nigeria. Mwaka 1958, mjini Cardiff, Kenya ilipata nishani zake za kwanza katika michezo hiyo, nazo zilikuwa za shaba: Bartonjo Rotich katika yadi 440 za viunzi, na Arere Anentia katika maili sita. Hivi ndivyo hali ilivyokuwa mkesha wa miaka ya sitini. Dhahabu ilikuwa haijapatikana, wala hakuna aliyeweza kusema kwa hakika itatoka wapi.

Seraphino Antao alizaliwa Mombasa mwaka 1937, katika jamaa ya asili ya Goa. Alikuwa mtu wa mbio fupi, na mwaka 1960 alishiriki Michezo ya Olimpiki ya Roma. Msimu wa 1962 ndio uliomkuta katika ukamilifu wa nguvu zake. Wakati wa kiangazi alishinda yadi 100 katika mashindano makuu ya Uingereza. Na mwishoni mwa Novemba alikuwa Perth, Australia, katika Michezo ya Himaya na Jumuiya ya Madola, iliyofanywa katika joto ambalo hata wenyeji walilistaajabia. Huko alishinda yadi 100 kwa sekunde 9.5, nyuma yake akiwa Tom Robinson wa Bahamas. Kisha akashinda yadi 220, David Jones wa Uingereza akiwa wa pili. Katika michezo hiyohiyo Kimaru Songok alipata nishani ya fedha katika yadi 440 za viunzi. Na Kipchoge Keino, ambaye jina lake lingejaa dunia baadaye, alikuwa wa kumi na moja katika maili tatu. Kwa muda ule mfupi, mtu aliyeuliza Kenya hukimbia mbio gani angejibiwa: hukimbia mbio fupi, na mkimbiaji wake ni kijana wa Mombasa.

Lakini ni Kenya ipi aliyoikimbilia? Hapa yatupasa kukumbuka hali ya mwaka ule. Mombasa na ukanda wa maili kumi wa mwambao haukuwa sehemu ya Koloni ya Kenya kwa sheria. Ulikuwa Himaya, ardhi ya Sultani wa Zanzibar iliyotawaliwa na Waingereza kwa mkataba, na bendera ya Sultani ilikuwa ikipepea juu ya Ngome ya Yesu. Mwezi wa Machi 1962 mambo ya mwambao yalizungumzwa katika mkutano wa London: ukanda ubaki peke yake, au uungane na Kenya? Jambo hilo halikumalizika mpaka mapatano ya Oktoba 1963, miezi miwili kabla ya uhuru. Na nchi ya asili ya wazee wa Antao nayo ilikuwa imebadilika, kwani Disemba 1961 majeshi ya India yaliingia Goa na kuumaliza utawala wa Wareno uliokuwapo kwa zaidi ya karne nne. Kwa hiyo mtu huyu alipoingia uwanjani Perth na jina la Kenya kifuani, mji wake wa kuzaliwa ulikuwa bado unajadiliwa ni wa nani, na nchi ya wazee wake ilikuwa na mwaka mmoja tu tangu kubadili mikono.

Wala uhusiano wa Goa na Mombasa haukuanza na meli za abiria za karne ya ishirini. Wareno walipoijenga Ngome ya Yesu, kuanzia mwaka 1593, Mombasa ilikuwa chini ya makamu wa mfalme wao aliyekaa Goa. Katika maneno waliyotuachia Wareno liko neno bendera. Nalo lapata nafasi katika kisa hiki, maana katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo mwaka 1964, ya kwanza kwa Kenya iliyo huru, aliyebeba bendera ya taifa mbele ya wenzake alikuwa Antao.

Tokyo ndipo simulizi ilipoanza kupanda mlima. Antao hakupata nishani. Aliyepata ni Wilson Kiprugut, shaba ya mita 800, nishani ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki. Mwaka 1965 Keino aliweka rekodi mbili za dunia, ya mita 3000 na ya mita 5000. Mwaka 1968, katika mji wa Mexico ulioinuka zaidi ya mita 2200 juu ya bahari, Keino, Naftali Temu na Amos Biwott walileta dhahabu tatu, zote za mbio za kati na ndefu. Tangu hapo ikawa rahisi kusema kwamba siri ya Kenya imo katika mwinuko wa ardhi yake, na kila jambo lililotangulia likasomwa kwa macho hayo. Maiyoro na Chepkwony wakawa watangulizi. Antao akawa kitu kisicho na mahali, mbio fupi katika nchi ya mbio ndefu.

Ziko sababu nyingine za kusahauliwa kwake, nazo si za mwinuko. Moja ni vipimo. Tangu mwaka 1970 michezo ya Jumuiya ya Madola ilihamia katika mita, na mwaka 1976 rekodi za dunia za yadi ziliondolewa, isipokuwa maili. Sekunde 9.5 za Antao zikabaki zimeandikwa kwa kipimo ambacho hakuna akikimbiaye tena, mfano wa fedha iliyoondolewa sokoni: thamani yake ilikuwa halali, lakini hakuna anayeipokea. Sababu nyingine ni ya watu. Baada ya uhuru swali la nani mwenyeji na nani mgeni lilizidi kuwa kali, na katika miaka ya 1967 na 1968, sheria mpya za uhamiaji zilipoanza kufanya kazi, wengi wa asili ya Bara Hindi waliondoka Kenya. Antao mwenyewe aliishi Uingereza, akafa London mwaka 2011. Mtu anapoondoka, huchukua na mashahidi wake.

Mwaka 2022, mjini Birmingham, Ferdinand Omanyala alishinda mita 100 katika Michezo ya Jumuiya ya Madola kwa sekunde 10.02. Magazeti yakatafuta Mkenya aliyetangulia kushinda mbio fupi kabisa katika michezo hiyo, na jina likapatikana: Antao, miaka sitini nyuma. Ni jambo jema. Lakini taifa lisimkumbuke mtu wake kwa sababu tu mwingine amemfikia.

Tunajifunza nini? Kwanza, kwamba maelezo ya ardhi na hewa hayatoshi. Mombasa iko usawa wa bahari, hewa yake ni nzito na ya chumvi, nayo ndiyo iliyotoa dhahabu ya kwanza. Kilichompeleka Antao Perth ni kile ambacho neno riadha lilikuwa likikisema tangu lilipovuka bahari: mazoezi. Na ni kilekile kilichompeleka Keino kutoka nafasi ya kumi na moja mwaka 1962 hadi rekodi za dunia mwaka 1965. Kama ni hewa peke yake, hewa ile alikuwa nayo miaka yote miwili. Kumwambia mkimbiaji wa milimani kwamba amezaliwa na ushindi ni kumnyang'anya jasho lake, kama vile kumsahau mkimbiaji wa pwani ni kumnyang'anya jina lake. Makosa haya mawili yana chanzo kimoja, nacho ni kuiuliza ardhi swali ambalo angepaswa kuulizwa mtu.

Pili, kwamba mwanafunzi wa lugha ana kazi katika historia hii. Kijana wa Iten au wa Nyahururu asemaye mbio za nyika, viunzi na upondo, atumia bila kujua maneno ya bandari ambayo pengine hajaiona. Amepokezwa maneno hayo. Ni haki apokezwe pia habari za mtu wa bandari hiyo aliyemtangulia.