Umempiga mtu risasi ukijitetea. Sasa polisi wamefika

1/ Kila mwenye bastola ya leseni akimpiga jambazi risasi, mtandao hugawanyika: "Shujaa!" "Muuaji!" Hebu tuache kelele kidogo, tuangalie historia.

2/ Sheria yenyewe tuliirithi kwa mkoloni. Kanuni ya Adhabu ya 1930, kifungu cha 17, inataka kujitetea kupimwe kwa misingi iliyojengwa na majaji wa Uingereza. Yaani: ulilazimika kutumia nguvu? Zililingana na hatari? Leseni yako haijibu maswali hayo.

3/ Wa kwanza kuuliza ni polisi, na mtu akifa, unaweza kuchunguzwa kama mshukiwa wa mauaji. Mwaka 1988, enzi za chama kimoja, Bunge lilibadilisha Katiba: mshukiwa wa kosa la kunyongwa angeweza kuwekwa seli hadi siku 14 kabla ya kufikishwa kortini. Aliyejitetea pia angeingia humo.

4/ Katiba ya 2010, Kifungu cha 49, ilirudisha saa 24 (zikiisha korti imefungwa, ni siku ya korti inayofuata), pamoja na haki ya kunyamaza na kuongea na wakili. So piga ripoti, itisha ambulensi, usivuruge eneo. Sema ulishambuliwa. Maelezo marefu yangoje wakili. Kunyamaza si kukiri.

5/ Mwanasiasa akisema jukwaani kuwa haki hizi ni za wahalifu, muulize: siku ukiwa wewe ndani, utataka saa 24 ama siku 14?