Viwango vya Wazima

Kamati moja imeamua kuwa ile safu ya namba mbili mbili kwenye karatasi ya majibu ya damu iitwe "masafa ya rejea". Masafa ni umbali; redioni ni mawimbi. Kurejea ni kurudi. Mama wa hapa Kibuli, Kampala, aliyepimwa madini ya chuma ataambulia nini hapo? Niliwaandikia, hawakunijibu.

Mwenzangu mmoja, apendaye kusahihisha watu hadharani, anatetea "kiwango cha kawaida". Kawaida ni Kiarabu: msingi, kanuni. Basi aliye nje ya namba hizo hujiona amekiuka kanuni. "Wastani" ndiyo mbaya kabisa, maana asili yake ni katikati, nasi hapa tuna mipaka, wa chini na wa juu.

Mimi nashikilia "viwango vya wazima". Mzima ni asiyeugua, tena ni kitu kisichomeguka. Neno la Kibantu, halina deni kwa mtu. Askari wa kambi ya polisi hapa mlimani, waliokuwa wakikitumia Kiswahili kazini miaka mingi kabla serikali ya Uganda haijaamua mwaka 2022 kiwe somo la lazima shuleni, wanalielewa bila kamusi. Nimepingwa kwamba "mtu mzima" ni aliyepevuka. Sawa, lakini sikuandika "watu wazima". Ukisema "wazima na wagonjwa", nani atafikiria umri?

Tena neno hili linaeleza namba zilikotoka: hupimwa wenye afya, hukatwa asilimia 2.5 chini na 2.5 juu, hubaki 95. Mzima mmoja kati ya 20 huangukia nje. Wanasayansi Gräsbeck na Saris wa Finland walipendekeza dhana hii mwaka 1969 ili ichukue nafasi ya ile ya "kawaida".

Kiwango bora ni jambo jingine. Kalsiamu ya damu yaweza kuwa sawa huku mifupa ikipungukiwa, kwani mwili huichota humo. Kwa vitamini D, wako wataalamu wanaoridhika na nanogramu 20 kwa mililita, na wako wanaotaka 30.

Kimatumizi: soma viwango vya maabara iliyokupima, angalia vizio, na mweleze daktari kama una malaria, kwani feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini, hupanda wakati wa maambukizi na kuficha upungufu wa chuma.

Karatasi zichapwe "viwango vya wazima". Kamati ikiwa na hoja ya kunipinga, iiandike na itie saini.