Kisomo chenye manufaa: istilahi na mcheza ngoma wa Ifakara

Kisomo chenye manufaa ni ujuzi wa kusoma, kuandika na kuhesabu unaomwezesha mtu kuendesha shughuli zake na kushiriki kikamilifu katika jamii yake. Anayetambua herufi na kuandika jina lake amepiga hatua, ila bado hajafika.

Wazo hili lilipata nguvu mwaka 1965, mawaziri wa elimu walipokutana Tehran kwa mwito wa UNESCO kujadili namna ya kufuta ujinga wa kutojua kusoma. Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za majaribio: mwaka 1968 mradi ulianza katika mikoa ya Ziwa, na vitabu vyake vya kujifunzia vilihusu pamba, ndizi, uvuvi na ufugaji. Mwalimu Nyerere akautangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni ya nchi nzima ikafuata. Watu wazima wasiojua kusoma walikuwa takriban theluthi mbili mwaka 1967; kufikia 1986, takwimu za serikali ziliwaweka chini ya asilimia 10.

Neno kisomo limetokana na kitenzi soma. Pwani lina maana nyingine ya zamani: watu kukusanyika kusoma Kurani, mara nyingi kwa ajili ya marehemu. Katika istilahi ya elimu, wanaojifunza huitwa wanakisomo. Mtaani hutumika pia ngumbaru, jina ambalo mtu mzima anaweza kuona haya kuitwa. Kuhusu manufaa, watunga istilahi wangeweza kusema kisomo cha kiutendaji; wakachagua neno ambalo mkulima hahitaji kufafanuliwa. Ulikuwa uchaguzi mzuri. Hatari yake ni kwamba kwa muda mrefu manufaa yalipimwa kwa magunia na mizani peke yake.

Mchukue kijana wa Ifakara aliyeacha shule mapema, akakulia kwenye mashamba ya mpunga ya bonde la Kilombero, na sasa anajifunza sangula, ngoma ya Wapogoro. Ngoma anaijua kwa sikio na kwa mwili: anasikia mdundo ukibadilika, anajua zamu ya kuitikia, anageuka pamoja na wenzake. Akiingia darasa la kisomo, hana haja ya kuanza na mlolongo wa herufi zisizomwambia kitu. Mwalimu anaandika NGOMA ubaoni, wanakisomo wanalizungumzia neno hilo, kisha analikata: ngo-ma. Kila silabi inaleta ndugu zake: nga, nge, ngi, ngo, ngu, ma, me, mi, mo, mu. Likija MPUNGA, kijana analipigia makofi, m-pu-nga, na kwa kuhesabu mapigo matatu anaelewa kwa nini M ya mwanzo inasimama peke yake. Zikiongezwa pa, pe, pi, po, pu, anaanza kuunda mwenyewe: mama, mimi, pima, panga, mpango. Njia hii ya kuanza na neno lenye uzito katika maisha ya mwanafunzi ilipata umaarufu kwa kazi ya Paulo Freire wa Brazil. Kiswahili kinaipokea vizuri kwa sababu silabi zake nyingi huishia kwa irabu, na kinachoandikwa ndicho kinachotamkwa.

Je, manufaa yake yako wapi? Kikundi cha ngoma kinachotaka kusajiliwa na Baraza la Sanaa la Taifa hudaiwa katiba. Kikialikwa harusini au kwenye sherehe ya serikali, kuna makubaliano ya malipo, nauli na mgawo. Kikirekodiwa, kuna mkataba wa haki za kazi ile. Mchezaji asiyeweza kusoma anaweka dole gumba na kuwategemea wenzake. Anayeweza anauliza: mbona kiasi hiki ni tofauti na tulichosikilizana? Zaidi ya hapo, anaweza kuyaandika maneno ya nyimbo za wazee wake, kwa Kipogoro na kwa Kiswahili, kabla wanaozijua hawajaondoka.

Mwaka 1978 UNESCO iliueleza ujuzi huu kwa kipimo cha shughuli zinazohitaji kusoma na kuandika katika kundi la mtu na jamii yake. Maelezo hayo yanamtambua mcheza ngoma sawasawa na mkulima wa pamba, kwa kuwa kundi lake ni lile analocheza nalo. Kwa hiyo walimu wa kisomo, na Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanza miaka ya 1970, kikiwemo cha Ifakara, wana sababu nzuri ya kuwauliza wanafunzi kwanza wanafanya nini, ndipo wachague maneno ya kuandika ubaoni.

Tuitumie istilahi hii kwa upana wake wote. Kisomo chenye manufaa kimhudumie anayepima mpunga, anayesoma maelekezo ya dawa na anayesimamia kazi ya sanaa yake. Kujua kusoma mkataba wa ngoma ni manufaa kamili, na anayejifunza kwa lengo hilo anastahili nafasi darasani kama mwingine yeyote.