Malta

Malta ni nchi ya visiwa katikati ya Bahari ya Mediteranea, takriban kilomita 90 kusini mwa Sisilia. Eneo lake lote ni kilomita za mraba 316, na wakazi wake wamepita 500,000, hivyo ni kati ya nchi zenye msongamano mkubwa wa watu duniani. Visiwa vikuu ni Malta yenyewe (kilomita za mraba 246), Gozo (67) na Comino, ambacho hakifiki hata 4. Mji mkuu ni Valletta. Lugha rasmi ni Kimalta na Kiingereza. Kimalta kina asili ya Kiarabu na huandikwa kwa herufi za Kilatini. Watawala wa kigeni walivutwa na bandari zake zenye kina. Wenyeji waliishi kwa mawe ya chokaa na kwa kukinga maji ya mvua.

Mandhari

Malta haina milima wala mto wa kudumu. Sehemu ya juu kabisa, Ta' Dmejrek, ina mita 253 tu, karibu na magenge ya Dingli, ambako nchi kavu inakatika ghafla baharini. Upande wa kaskazini-mashariki ardhi huteremka taratibu hadi kwenye ghuba na bandari. Mabonde hupitisha maji baada ya mvua kubwa tu, na wakulima wamejenga kuta za mawe makavu, bila saruji, ili udongo wao haba usisombwe.

Miamba imelala kwa tabaka. Ya juu na ya chini kabisa ni chokaa ngumu ya matumbawe. Katikati kuna chokaa laini ya globijerina, iliyotokana na magamba ya viumbe wadogo wa baharini, na juu yake udongo wa mfinyanzi wa buluu. Mfinyanzi haupitishi maji, kwa hiyo mvua inayopenya mwamba wa juu hukwama hapo na kutoka kama chemchemi. Gozo ina mfinyanzi mwingi zaidi, ndiyo maana mashamba yake yamestawi kuliko ya Malta. Chokaa laini, yenye rangi ya asali, hukatwa kwa msumeno, kisha ikikaa hewani hufanya ganda gumu. Ndiyo iliyojenga makanisa, ngome na nyumba za kawaida.

Jua huwaka karibu saa 3,000 kwa mwaka. Mvua, takriban milimita 550, hunyesha zaidi majira ya kupukutika na ya baridi. Kiangazi ni kikavu.

Historia

Hekalu la Ġgantija, Gozo, lilijengwa yapata mwaka 3600 KK, takriban miaka 1,000 kabla ya piramidi za Giza. Kwenye mahekalu ya Mnajdra, siku za Machi na Septemba ambapo usiku na mchana hulingana, mwale wa jua linalochomoza hupita katikati ya mlango mkuu wa hekalu la kusini. Wajenzi hao hawakuwa na zana za chuma. Makaburi ya chini ya ardhi ya Ħal Saflieni, yaliyogunduliwa mwaka 1902, yanakadiriwa kuwa na watu 7,000 waliozikwa humo.

Baadaye walifika Wafoinike, kisha Karthago, na mwaka 218 KK Waroma. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinaeleza jinsi Mtume Paulo alivyovunjikiwa merikebu hapo na kupokelewa kwa ukarimu. Waarabu waliiteka Malta mwaka 870, na Wanormani wakaingia mwaka 1091.

Mwaka 1530 Kaisari Karolo V aliwakabidhi visiwa watawa-askari wa Mtakatifu Yohana, waliokuwa wamefukuzwa Rodo na Waosmani. Kodi yao ilikuwa ndege mmoja aina ya kozi kila mwaka. Mwaka 1565 jeshi la Sultani Suleiman lilizingira bandari kuanzia Mei hadi Septemba, likashindwa. Mwaka uliofuata mkuu wa watawa, Jean de Valette, aliweka jiwe la msingi la mji unaobeba jina lake. Kila nyumba ilitakiwa kuwa na birika la maji ya mvua chini yake, na mwaka 1615 mfereji wa kuleta maji kutoka vilima vya magharibi ulikamilika.

Napoleon aliitwaa Malta mwaka 1798, lakini Wamalta waliasi miezi michache baadaye, makanisa yao yalipoporwa. Wafaransa walisalimu amri mwaka 1800, na mwaka 1814 Malta ikathibitishwa kuwa koloni la Uingereza. Katika Vita Kuu ya Pili ilishambuliwa vikali kwa mabomu, na wakazi walikaribia kufa njaa hadi Agosti 1942, msafara wa meli ulipofika. Meli ya mafuta Ohio iliingia bandarini ikiwa karibu kuzama. Uhuru ulipatikana tarehe 21 Septemba 1964, jamhuri mwaka 1974, na majeshi ya Uingereza yaliondoka mwaka 1979. Malta ilijiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 2004.

Utalii na mazingira

Mamilioni ya watalii hufika kila mwaka, wengi wao kwa ajili ya jua na maji maangavu ya Comino. Mzigo wao ni mkubwa. Sehemu kubwa ya maji ya bomba hutokana na maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, kazi inayokula umeme mwingi. Maji ya ardhini yamevutwa kupita kiasi na yanaingiwa na chumvi. Mawe nayo yanalika: tao la asili la Dwejra, Gozo, liliporomoka kwa dhoruba tarehe 8 Machi 2017, na tangu 2009 mahekalu ya Ħaġar Qim na Mnajdra yamefunikwa kwa mahema makubwa. Hifadhi ya namna hiyo inastahili kupewa uzito uleule unaopewa ujenzi wa hoteli, kwa kuwa maji na mawe hayo ndiyo yaliyowaweka watu Malta muda mrefu kabla ya mtalii wa kwanza.